Nyumba na Malezi: Mtoto Aliyepewa Jina la Upepo

Juma hili tunayaweka kando mambo ya jiko na ya bustani. Imetufikia barua ya mama mmoja wa hapa Bujumbura, mke wa askari, ambayo haifai kukawia mezani. Mama huyu amejifungua mtoto wa kiume wakati mumewe yuko kazini mbali na nyumbani. Mumewe ameleta habari kwamba mtoto abatizwe kwa jina la Zephyrin. Baba mkwe, ambaye ni mzee mwenye heshima kubwa mlimani kwake, amekataa. Mzee aliuliza maana ya jina hilo kwa watu waliosoma, akaambiwa kuwa ni jina la upepo. Tangu hapo hataki kulisikia. "Upepo hauna kwao," asema mzee, "na nyumba hii tayari ina mtu mmoja asiyekaa, haihitaji wa pili." Mama anauliza: amtii mume aliye mbali, au amtii mkwe aliye karibu?

Sisi si wazee wa ukoo wake, wala hatuwezi kuamua kwa niaba ya jamaa wasiotuita barazani. Lakini ugomvi mwingi wa majina huanzia katika kutojua, na kutojua kwaweza kuponywa. Kwa hiyo tutalieleza jina lenyewe tangu chimbuko lake, ili mume, mkwe na mama waamue wakiwa na ujuzi mmoja. Na kwa kuwa majina ya namna hii yamo katika nyumba nyingi za askari na polisi, twatumaini kwamba wengine nao watafaidika.

JINA LIMETOKA WAPI

Wagiriki wa kale walikuwa watu wa visiwa na mashua. Mtu wa mashua hawezi kusema tu kwamba kuna upepo, kama vile askari wa zamu hawezi kusema tu kwamba kuna watu. Hana budi kujua ni akina nani na wanatoka upande gani. Ndiyo sababu Wagiriki waliupa kila upepo jina na tabia, wakausimulia kana kwamba ni mtu. Upepo wa kaskazini waliuita Boreas, mkali na wa baridi. Wa kusini waliuita Notos, mwenye mvua na ukungu. Wa mashariki ulikuwa Euros. Wa magharibi ulikuwa Zephyros, na huo ndio babu wa jina la mtoto wetu.

Mjini Athens liko hata leo jengo la marumaru lenye pande nane, lililojengwa kabla ya kuzaliwa Yesu, nalo huitwa Mnara wa Pepo. Juu ya kila upande pamechongwa sura ya upepo mmoja. Boreas ni mtu mzima mwenye ndevu anayepuliza kombe la baharini. Zephyros ni kijana aliyebeba maua katika nguo yake, kwa maana upepo wa magharibi huko kwao ulihesabiwa kuwa mpole na mletaji wa majira ya maua. Tusifiche, hata hivyo, kwamba zipo hadithi ambamo Zephyros alikuwa na wivu na kufanya madhara. Wagiriki hawakuwahi kudhani kwamba upepo ni mwema siku zote.

Je, upepo wa Wagiriki ulifikaje katika kitabu cha ubatizo cha Burundi? Ulipitia Roma. Walatini walitwaa neno hilo wakaunda jina la mtu, Zephyrinus, yaani wa Zephyros. Mtu aliyeitwa hivyo alikuwa Papa wa Roma tangu yapata mwaka 199 mpaka mwaka 217, akahesabiwa kuwa mtakatifu. Katika kalenda ya zamani ya Kanisa sikukuu yake ilikuwa tarehe 26 Agosti. Wafaransa wakamwita Zéphyrin, na pamoja na wamisionari na kalenda zao jina likafika Afrika, likakaa. Balozi Zéphyrin Maniratanga ameiwakilisha Burundi katika Umoja wa Mataifa mjini New York. Katika Burkina Faso, Bwana Zéphirin Diabré aligombea urais mwaka 2015. Wasichana nao huitwa Zéphyrine. Kwa hiyo mzee ajue kwanza kwamba jina hili si la kuokota njiani. Limebebwa na Papa na mabalozi kwa miaka elfu moja na mia nane.

Hapa yafaa tuonye juu ya kosa moja. Wapo wanaodhani kwamba jina Boris latokana na Boreas. Sivyo. Boris ni jina lililotoka kwa watu wa Bulgaria na Warusi, nalo halihusiani na upepo wowote. Kufanana kwa herufi si udugu.

MFUKO WA PEPO

Sasa tuje kwenye hadithi ambayo mzee hakusimuliwa, nayo yahusu askari.

Mshairi Homer wa Ugiriki ya kale asimulia habari za Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca, aliyekwenda vitani akakaa miaka kumi. Vita vilipokwisha alitaka kurudi kwa mkewe na mwanawe aliyemwacha akiwa mchanga. Njiani alifika katika kisiwa cha Aiolos, mlinzi wa pepo zote. Aiolos alimkirimu kwa mwezi mzima, na siku ya kuagana akampa zawadi ya ajabu. Alizitia pepo zote mbaya katika mfuko wa ngozi ya ng'ombe, akaufunga kwa uzi wa fedha, akamkabidhi. Upepo mmoja tu aliuacha nje ya mfuko uvume, uisukume mashua mpaka nyumbani. Upepo huo ulikuwa Zephyros.

Kwa hiyo, dada yetu, ukiulizwa maana ya jina la mwanao, usiseme kwamba ni upepo tu. Sema kwamba katika hadithi kongwe ya Wagiriki huo ni upepo uliochaguliwa miongoni mwa pepo zote umrudishe askari kwa mke na mtoto wake. Hatujui kama mumeo aliijua habari hii alipolichagua jina. Huenda alilichukua katika kalenda tu, au ni jina la rafiki wa kikosini. Lakini baba aliye mbali akimwita mwanawe kwa jina hilo, ni vigumu kupata jina linalofaa zaidi.

Hadithi haikuishia hapo, na mwisho wake ni somo kwa kila nyumba. Odysseus alisafiri siku tisa, na siku ya kumi Ithaca ilionekana, hata moshi wa mioto ya watu wake. Akiwa amechoka kwa kushika tanga peke yake, akalala. Wenzake walikuwa hawajaambiwa kilichomo mfukoni. Wakanong'onezana kwamba mkubwa wao ameficha dhahabu. Wakaufungua mfuko, pepo zote zikatoka kwa kishindo, na mashua ikarudishwa baharini. Ithaca waliyokuwa wakiiona kwa macho ikawapotea.

Wengine hulaumu tamaa ya mabaharia. Sisi twaona pia kosa la mkubwa. Siku tisa alikaa na watu wake katika mashua moja asiwaambie neno ambalo lingewatuliza. Na jambo hili hutokea majumbani mwetu. Jina lililoletwa bila maelezo ni mfuko uliofungwa. Mkwe huutazama akakisia ubaya, mawifi wakanong'ona, na mama wa mtoto, ambaye mwenyewe hakuambiwa, hana la kujibu. Si jina lililoleta ugomvi katika nyumba hii. Ni ule uzi wa fedha.

JE, UPEPO HAUNA KWAO?

Tumerudi kwenye hoja ya mzee, nayo ni hoja nzito ambayo haifai kuchekwa. Upepo wa mlimani huja ghafla, huangua ndizi, huezua paa, huenda zake. Mtu aliyeuona huo maisha yake yote ana haki ya kusema kwamba hauna kwao.

Lakini ziko pepo zenye kwao, nazo ndizo zilizopewa majina. Tazama lugha hii tunayoiandika. Waswahili wa pwani, tangu Lamu na Mombasa mpaka Unguja na Kilwa, waliishi kwa pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma tangu yapata Desemba mpaka Machi. Kusi huvuma tangu yapata Aprili mpaka Septemba. Kaskazi ilivileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikavirudisha. Kati ya pepo hizo kuna kipindi cha upepo usiotulia, nacho kiliitwa malelezi au tanga mbili. Nahodha aliyekawia bandarini mpaka kusi ikamkuta katikati ya nguvu zake alijua kuwa safari imemharibikia. Jamaa zake kule Oman walihesabu miezi kama wanavyohesabu leo jamaa za askari, wakajua ni majira gani tanga lake litaonekana. Neno letu msimu lenyewe ni la Kiarabu, mausim, nalo lilikuwa neno la wakati wa safari hizo.

Tena tunaposema kaskazini na kusini, tunataja nini? Tunataja mahali pa kaskazi na mahali pa kusi. Mtoto wa shule wa Bujumbura asemaye kwamba Rwanda iko kaskazini ametaja upepo wa bahari ambayo hajawahi kuiona. Na Wagiriki walifanya vivyo hivyo: kwao hata leo majina ya kaskazini na kusini yanatokana na Boreas na Notos. Watu wawili wasiojuana, kila mmoja pwani yake, waliona kwamba upepo unaorudi kila mwaka upande uleule waweza kutegemewa hata ukawa alama ya dunia. Warundi wa milimani walitazama jua: ubuseruko ni pale linapotokeza, uburengero ni pale linapopotelea. Lakini nia ni ileile, yaani kutaja njia kwa kitu kisichokosa kurudi.

Askari wetu waliotumikia Somalia, kuanzia mwaka 2007 na kwa miaka mingi baadaye, wamezijua pepo hizi kwa ngozi zao, kwani Mogadishu iko katika njia yao. Wanaweza kumshuhudia mzee kwamba pwani ile upepo hugeuka kwa majira yake, na wenyeji huujua kabla haujafika.

Hata bila kwenda mbali, ziwa letu lina ushahidi. Tangu yapata Mei mpaka Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya Tanganyika. Huyasukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, upande wetu, na kule mwisho wa kusini, karibu na Mpulungu nchini Zambia, maji baridi ya kilindini hupanda mahali pake. Maji hayo hubeba rutuba. Rutuba hulisha mimea midogo isiyoonekana kwa macho, mimea hulisha wadudu wa majini, wadudu huliwa na ndagala, na ndagala huliwa na mukeke. Upepo ukipungua mnamo Septemba, maji yaliyosukumwa huanza kurudi, na ziwa zima huyumba chini kwa chini kwa majuma mengi, kama maji ya beseni lililoinuliwa upande mmoja kisha likaachiliwa. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470. Lisingekuwa na upepo wa kuyachanganya maji yake, chakula kingi kingebaki kilindini. Ndagala waliomo katika sufuria ya mama aliyetuandikia wamelishwa na upepo.

Na kama mzee anataka kujua Wagiriki wanahusiana nini na sisi, aulize wazee wa ufukweni. Katika miaka ya 1950 wavuvi wa Kigiriki walikuwa miongoni mwa walioanzisha hapa kwetu uvuvi wa nyavu kubwa za kuzungusha. Wana wa watu waliozipa pepo majina walivua katika ziwa hilihili.

WEPESI SI UDHAIFU

Huenda mzee atasema: sawa, una kwao, lakini ni kitu chepesi, nami nataka mjukuu mzito. Tumjibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni la kale. Mwaka 480 kabla ya Kristo, mfalme wa Uajemi alipoiendea Ugiriki kwa jeshi kubwa na merikebu nyingi, watu wa Athens walimwomba Boreas awasaidie. Walimwita mkwe wao, kwa kuwa hadithi zao zilisema kwamba alimwoa binti wa mfalme wao wa zamani. Mwanahistoria Herodotus aandika kwamba dhoruba ilivuma siku tatu, na kwa hesabu ya chini merikebu 400 za adui zikavunjika. Watu wa Athens wakamjengea mkwe wao mahali pa ibada kando ya mto. Mzee ataona kwamba hata Wagiriki walijua faida ya kusikilizana na mkwe.

La pili ni la juzi. Mwezi Februari 2025 iliruka kutoka Laikipia, nchini Kenya, ndege isiyo na rubani iitwayo Zephyr, yaani upepo wetu uleule. Mabawa yake yana upana wa mita 25, lakini uzito wake ni wa mtu mmoja tu, yapata kilo 75. Huenda kwa nguvu za jua, juu kupita ndege za abiria. Ilikaa angani siku 67 bila kutua, mpaka mwishoni mwa Aprili. Ndege nzito haiwezi kufanya hivyo. Imedumu juu kwa sababu ni nyepesi.

Wasomaji wetu Waislamu wa Buyenzi na kwingineko wasidhani kwamba habari hii ni ya Wakristo peke yao. Jina Nasim, au Nasima kwa msichana, maana yake kwa Kiarabu ni upepo mwanana, nalo wazazi hulitoa kwa furaha. Watu wa dini mbili wameona kwamba si aibu kwa mtoto kuitwa kwa kitu kinachompoza mtu aliyechoka.

JINA NA KARATASI

Tusimalize bila kusema jambo linaloumiza nyumba za askari kuliko maana yoyote ya jina, nalo ni maandishi. Mmeona hapo juu kwamba balozi wa Burundi huandikwa Zéphyrin, na mwanasiasa wa Burkina Faso huandikwa Zéphirin. Hapa kwetu jina hilo laweza kuandikwa pia Zephirin, Zefirin na Zefirini, kama sikio la karani lilivyosikia. Masikioni ni mtoto mmoja, lakini katika mafaili ni watoto watano.

Nasi Warundi tuna sababu zaidi ya kuangalia. Kwa desturi yetu kila mtoto hupewa jina lake la Kirundi, na ndugu wa tumbo moja hawalazimiki kuwa na jina moja la ukoo. Baba aweza kuitwa Nduwimana na mwanawe Ndayizeye. Desturi hii ni nzuri, maana kila jina ni sala au neno la wazazi siku ile. Lakini jina la mtoto peke yake halimwonyeshi baba. Kinachomwonyesha ni karatasi. Siku ya kudai haki ya mtoto, iwe ni matibabu, shule au, Mungu apishe mbali, mafao ya baba aliyefariki kazini, herufi moja yaweza kumsimamisha mjane dirishani miezi mingi.

Kwa hiyo shikeni mambo haya manne. Kwanza, chagueni namna moja ya kuandika jina, mliandike kwa herufi kubwa katika kipande cha karatasi, na aendaye komini kuandikisha kizazi akichukue kipande hicho badala ya kulitamka tu. Pili, kabla ya kuondoka dirishani, someni herufi kwa herufi kilichoandikwa, maana kosa la siku hiyo hurekebishwa kwa urahisi kuliko kosa la baada ya miaka kumi. Tatu, cheti cha ubatizo, kadi ya chanjo na daftari la shule vifuate cheti cha kuzaliwa, wala si kinyume chake. Nne, baba aliye mbali aarifiwe jina kamili kama lilivyoandikwa, ili faili lake la kazini liseme vivyo hivyo.

JIBU LETU

Dada yetu ameuliza amtii nani. Twaona kwamba hakuna ulazima wa kumwasi mmoja ili kumtii mwingine. Desturi ya Burundi imempa mtoto nafasi mbili, jina la ubatizo na jina la Kirundi. La kwanza baba amekwisha kulitaja. La pili na aombwe babu alitoe, kwa heshima, mtoto akiwa mikononi mwake. Akitaka jina litakalomtia mjukuu mizizi, hakuna anayeyajua kuliko yeye. Hivyo mtoto atakuwa na upepo na mlima, na kila mzee wa nyumba atakuwa na sehemu yake katika kumwita.

Lakini kabla ya hapo mfuko ufunguliwe. Mpelekee mkweo habari hizi taratibu, jioni, baada ya chakula, wala usizipeleke kama mtu aliyeshinda kesi. Msimulie juu ya mashua iliyoiona Ithaca ikakosa kufika kwa sababu mtu mmoja hakusema. Mwambie ni upepo gani ulioachwa nje ya mfuko, na kwa ajili ya nani. Mzee aliyesema kwamba nyumba yake ina mtu mmoja asiyekaa hakuwa akilikataa jina. Alikuwa akisema kwamba amemkumbuka mwanawe.

Waswahili wa pwani husema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtoto na aitwe Zephyrin, lakini yule anayemwita asisahau kumweleza maana yake siku atakapoweza kuuliza.

Juma lijalo tutajibu barua zilizobaki. Hadi hapo, kwaherini, na amani ikae majumbani mwenu.